Daftari la Ndoo

Walinipa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.
Ndivyo nilivyokuwa karani wa maafa, hapa Igombe,
masika yale ziwa lilipopanda bila kubisha hodi
likalala vitandani mwa watu majuma saba.

Kaya mia moja arobaini na tatu.
Ndoo tisini.
Hesabu ya namna hii sikufundishwa shule.

Waliokuja na lori walikuwa watu wema, nisiwasingizie.
Mmoja alivua viatu akaingia topeni,
akashika mguu wa bibi mwenye kidonda, akauosha.
Lakini saa nane lori lilitakiwa Kayenze,
na fomu ilikuwa na mistari tisini.

"Kaya," walinielekeza, "ni wanaolala chini ya paa moja."
Nikageuka huku na huku, natafuta paa.
Mabati yalikuwa yamenasa kwenye magugu maji
kama magamba ya sato aliyeparuliwa kwa haraka.

Minza na Mbuke, wajane wa Lutobeka:
watoto tisa kati yao, mafiga mbalimbali,
hawajasemezana tangu matanga.
Usiku ule walijibanza darasa moja, la pili B,
wakagawana sakafu kwa chaki.
Paa moja, nikaandika. Kaya moja.
Ndoo moja, turubai moja, mablanketi mawili.
Mbuke akapokea.
Minza hakuniuliza kitu.
Aliutazama ule mstari wa chaki, kisha akanitazama mimi.

Picha zikapigwa. Lori likaondoka.
Maji nayo yaliondoka, ila polepole,
kama mgeni anayekumbuka neno kila akifika mlangoni.

Yaliyofuata hakuna aliyetumwa kuyaandika:
vyoo vilivyotitia,
mihogo iliyooza chini huku majani yakicheka juu,
kijana wa Nyanzobe aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu
mpaka akazoea kutokwenda;
jiwe la mpaka wa kiwanja likiwa hatua ishirini ndani ya ziwa
na barua ya wilaya ikimtaka mwenyewe aje alionyeshe.
Turubai, mwaka wa kwanza lilikuwa paa,
wa pili likaanikiwa dagaa,
wa tatu lilikuwa kiraka, na nembo yake haisomeki.

Na ndoo.
Wachuuzi wa mjini walikuja na zao,
zimekandwa kwa mchanga wa moto zikavimba tumbo,
bei ya ndoo moja, dagaa wa ndoo na nusu.
Siku hiyo Nyanzobe akaibwaga ya msaada pale mwaloni,
ile yenye lita zimechorwa ndani.
"Tunapima kwa hii. Hutaki, dagaa warudi juani."
Wiki mbili hawakununua.
Wiki mbili tulikula dagaa asubuhi, dagaa jioni,
na watoto wakatulaani kwa macho.
Ya tatu, wakapima.

Katika ripoti, nadhani, ndoo bado ni ya kuchotea maji.

Minza, asiye na ndoo, alivuka uwanja
akasimama mlangoni kwa mke mwenzake.
"Niazime."
Neno la kwanza baada ya miaka minne.
Mbuke akamwazima, kwa malipo:
konzi mbili za dagaa kila inapojaa.
Sisemi walipatana. Nasema walipima.

Mwaka huu mawingu yamekaa tena juu ya majabali,
na ziwa limeanza kulamba ngazi za zahanati.
Nimenunua daftari kwa fedha yangu, kurasa mia mbili,
sikungoja lori.
Naandika nani hajui kuogelea,
nani analala wapi, nani ana mguu mbovu,
mbuzi, makaburi, funguo za shule ziko kwa nani.

Nimefika kwa Minza. Anageuza dagaa, hainui uso.
"Karani, safari hii umetuona kaya ngapi?"
Nafungua kinywa.
"Ngoja. Andika kwanza unayenidai... hapana,
andika ninayemdai. Ndoo moja."

Nikaandika.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza,
jina langu.